Aliyeripoti Taa Inayowaka

Mwanamke aliyepiga simu alisema taa iliyo mbele ya saluni, kule Nyakuron, imezimika. Alisema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai.

Adhel aliinua kichwa. Saluni hiyo aliijua vizuri, kwa kuwa ukuta wake ndio uliokuwa ukuta wa ua anaokaa yeye. Jana yake jioni alipita chini ya taa ile akitoka sokoni, na mwanga ulikuwa wa kutosha kumwonyesha kwamba ameuziwa nyanya zilizooza.

"Mama, hiyo taa inawaka," alisema. "Mimi nakaa hapo hapo."

"Imezimika," sauti ikarudia.

"Labda ni ile ya mtaa wa pili?"

"Ya mbele ya saluni."

Adhel alimuuliza jina, kama kazi ilivyomtaka. Jina hakulipata. Feni ya ofisi ilikuwa imesimama kwa kukosa umeme, na joto la Juba lilikuwa limejaa chumbani kama maji kwenye pipa, lakini ghafla alisikia harufu ya vumbi lililonyeshewa, ile harufu tamu ya mvua ya kwanza. Alitazama dirishani. Kulikuwa kukavu, na jua lilikuwa kali.

"Basi nimepokea," alisema kwa uchovu, maana hilo ndilo neno waliloambiwa waseme kila mara. "Asante kwa kutuarifu."

Simu ikakatika.

Kazi ya Adhel ilikuwa kuwashawishi watu waseme. Mradi mmoja ulikuwa umesimamisha taa za sola katika baadhi ya mitaa ya mji, nazo zilipendeza kwa muda, kisha zikaanza kufa moja moja bila mtu kutoa taarifa. Ndipo Adhel akaajiriwa. Alikuwa amelelewa Nakuru, wazazi wake walikokimbilia wakati wa vita, akarudi Juba akiwa mtu mzima na Kiswahili cha Kenya mdomoni. Asubuhi alipokea simu za wakazi. Alasiri alizunguka mitaani na kipaza sauti, akiwaambia watu kuwa taa ni mali yao, ikifa wapige nambari hii, ni bure, waseme mahali na wataje jina lao.

Hapo kwenye jina ndipo watu walipomwacha. Walimsikiliza kwa adabu, wakachukua soda za mradi, wakaenda zao. Wengine walisema kazi hiyo ni ya serikali. Wengine walimtazama tu kwa macho ya watu waliowahi kutoa majina yao mahali fulani, zamani, wakajuta. Adhel alirudi nyumbani kila jioni sauti imekauka.

Wa kwanza kukubali alikuwa jirani yake Annet, Mganda wa Masaka mwenye saluni ile. Waliishi ua mmoja, walipika jiko moja, na siku za Jumapili walikwenda kanisani wamevaa vitambaa vya rangi moja kama pacha. "Andika Annet," alisema siku ile mbele ya watu wote, mkono kiunoni. "Mimi siogopi. Jina yangu hata mbwa ya hapa anaijua." Watu walicheka, na mama wa chai, Nyagai, akatoa jina lake pia. Tangu siku hiyo, kila mkutano Adhel alimtaja Annet kama mfano.

Jioni ya siku ya ile simu, Adhel alipofika mtaani taa ilikuwa imekufa.

Annet alikuwa anamalizia kichwa cha mteja kwa tochi ya simu. "Dada Adhel, umeona? Taa yenu leo amelala mapema. Mimi nimepiga simu kwa ofisi yako, mmeshafunga."

"Kuna mtu alipiga mchana," Adhel alisema. "Kabla haijazimika."

"Kabla aje?"

"Hata mimi sijui. Nimechoka, Annet. Tule kwanza."

Siku iliyofuata fundi wa mradi alikuja. Huyu aliitwa Kizza, Mganda wa Masaka naye, mtu wa maneno machache aliyepanda nguzo nyingi hadi magoti yakaanza kumsumbua. Alipanda, akafungua, akapima, akafunga, akashuka. Akapanda tena.

"Madam," alisema alipotua, "betri iko. Paneli iko. Balbu mimi nimebadilisha. Kila kitu iko sawa, lakini hapana waka."

"Sasa niandike nini kwa ripoti?"

Kizza alimshika mkono akauweka juu ya chuma cha nguzo. Ilikuwa saa za adhuhuri, wakati ambao hata kitasa cha lango huunguza. Nguzo ilikuwa baridi, baridi ya mtungi uliokaa kivulini, na ilikuwa na unyevu.

Adhel aliondoa mkono akaupangusa kwenye sketi. Hakuandika kitu.

Jioni hiyo jua lilipokuwa linazama, Adhel alikuwa uani anasonga ugali, na Annet alikuwa nje anafagia nywele mbele ya saluni. Watoto walikuwa wameshaitwa ndani. Adhel alisikia ufagio ukikwaruza mchanga, na ndani ya mkwaruzo huo akasikia mtu akiita.

"Annet."

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya upole. Ufagio ukasimama.

"Annet."

"Wangi!" Annet aliitika, kama Waganda wanavyoitika, kwa furaha, akidhani ni mteja.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Adhel alisubiri asikie maongezi, au kicheko, au ufagio ukiendelea, na alipoona hasikii ila ugali ukitokota sufuriani aliacha mwiko akatoka. Annet alikuwa ameketi chini ya nguzo, mgongo umeegemea chuma, ufagio mapajani. Alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Macho yake yalimkodolea Adhel, mishipa ya shingo imemtoka kwa nguvu aliyokuwa anaitumia kusema, na hakuna hata pumzi yenye mlio iliyotoka. Na pale chini, kwenye mchanga mkavu, palinuka mvua.

Hospitali walimulika koo lake, wakampiga picha, wakasema koo ni zima. Daktari aliuliza kama alipata mshtuko. Annet alichukua kalamu akaandika, "Ameninyang'anya," kisha akakataa kuandika zaidi. Mchungaji wao alikuja, akaomba maombi mazuri na marefu, akatazama jua, akaondoka kabla halijateremka.

Adhel alirudi kazini kwa kuwa hakujua aende wapi. Alikaa mbele ya simu na kichwa kizito. Simu ikalia.

"Halo," alisema. "Unaripoti taa ya wapi?"

"Taa ya kwa mama wa chai imezimika," alisema Annet.

Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kuvuta mwisho wa neno, ile iliyoimba Jumapili kando yake. Adhel alijua Annet yuko nyumbani, amelala akiutazama ukuta. Alimwacha hapo asubuhi na bakuli la uji.

"Annet? Ni wewe? Uko wapi?"

"Taa ya kwa mama wa chai imezimika," ilisema ile sauti, bila haraka, na harufu ya mvua ikajaa ofisini.

Mdomo wa Adhel ulikuwa umezoea. Alikuwa amelisema neno lile mara nyingi mno, akiwa na usingizi, akiwa na homa, akiwa anafikiria mambo mengine, na sasa akiwa na hofu likatoka lenyewe. "Nimepokea," alisema.

Jioni ile taa ya kwa Nyagai ilikufa. Kabla giza halijakolea mtu alimwita Nyagai kwa jina, kwa sauti ya Annet, naye akaitika kwa kuwa alifurahi kwamba Annet amepona. Mumewe, Gatwech, alimkuta amesimama kati ya birika zake, midomo inacheza bila mlio.

Habari zilizunguka mtaa hata kabla chai haijapoa. Ilijulikana kwamba wote wawili walikuwa wametoa majina yao kwa Adhel. Watu hawakumtukana. Walivuta tu watoto wao karibu alipopita, na maduka yakaanza kufungwa alasiri, na watu wakaanza kutembea jioni vidole masikioni, na mtu akiitwa na mkewe jikoni hakuitika mpaka amwone kwa macho. Nyumba nyingi ziligombana kwa sababu hiyo. Kijana mmoja wa bodaboda aligonga ukuta gizani akavunjika mguu, akalala pale akilia kuomba msaada, na hakuna aliyethubutu kumjibu mpaka fundi Kizza alipopita kwa bahati akamburuta.

"Madam, mimi narudi Masaka," Kizza alimwambia siku hiyo, shati lina damu ya yule kijana. "Mimi siwezi tengeneza kitu kama hii."

"Hata mimi ningerudi Nakuru," Adhel alisema, "lakini nitamwacha Annet na nani?"

Kizza alikaa kwenye kizingiti. Hakuondoka siku hiyo, na wala hakusema tena habari ya Masaka.

Aliyesaidia alikuwa Mzee Ladu, kiongozi wa mtaa. Alikuwa wa kabila la Bari, mwenyeji wa hapo hapo Juba, dereva wa malori zamani, na Kiswahili chake alikiokota barabarani kati ya Nimule na Mombasa. Alimkuta Adhel ameketi chini ya mti wa mwarobaini wa ofisi, simu ya kazi mapajani, imezimwa.

"Binti yangu," alisema, "mtu akiumwa na nyoka hapana tafuta daktari ya meno. Kuna Hajati pale Malakia. Twende."

Hajati Kaltuma alikuwa Mnubi, mwanamke mnene wa makamo, mwenye Kiarabu na Kiswahili vilivyochanganyika mdomoni. Alikuwa anaanika bamia aliposikiliza habari yote, wala hakuacha kuzianika. Alipomaliza alijifunga leso, akaingia kwenye gari la Kizza bila kuuliza bei.

Alifika kwenye nguzo mchana. Aliinusa, akaigusa, akaizunguka, akaketi chini kwa taabu. Annet aliletwa. Hajati alimshika kidevu, akamtazama ndani ya mdomo kama anayetazama kisima.

"Huyu ni jini la mahali pa giza," alisema. "Hawa wapo siku zote. Hawana ugomvi na mtu mwenye kwake. Sasa wewe, mwanangu, niambie. Anapopiga simu, anasema taa imekufa, na wewe unajibuje?"

"Nasema nimepokea."

Hajati alifumba macho. "Jini haingii mahali pasipo hodi. Anabisha hodi kwako. Na wewe unamwambia karibu."

Adhel alitikisa kichwa. "Lakini mimi sikujua."

"Malesh, pole, mwanangu. Hukujua. Na wala si wewe uliyemwita. Hizi taa zenu, zilipokufa za kwanza kule mitaa mingine, nani alisema? Watu walipita chini yake kila siku wakaziona. Wakanyamaza. Nyumba isiyo na mwenyewe hupata mwenyewe. Aliingia nguzo ya kwanza akaona hakuna anayedai, akaingia ya pili. Sasa ameonja sauti za watu, na amepata utamu."

"Basi mtoe," alisema Gatwech, ambaye alikuwa amesimama pembeni na mkewe. "Choma hiyo ubani yako, soma, mtoe. Kalas, yaishe."

"Ubani nitachoma. Lakini mimi nakaa Malakia. Mgeni hamfukuzi mgeni. Wenye mtaa ndio wamwambie hawakumkaribisha. Wote. Jioni hii, hapa, wakati wake. Atawaita kwa majina, na atawaita kwa sauti mnazozipenda. Atakayeitika peke yake amekwisha. Akiitwa mmoja, itikeni wote."

Kwa hiyo Adhel akaanza tena kazi ile ile. Alikwenda lango kwa lango, juani, na sauti iliyochakaa, akiwaomba watu wale wale waliomchoka waje mahali pale pale wanapopaogopa, tena wafanye jambo lile lile alilowaomba tangu mwanzo, yaani waseme. Mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho akamwambia, "Mara ya kwanza ulisema hakuna hatari." Adhel alikubali kwamba alisema hivyo. "Sasa unasema kuna hatari, tuje?" Adhel alikubali hilo pia. Mama yule akafunga lango, polepole, bila hasira. Kwingine hawakufungua. Kwingine mwanamume alisema mafi, hapana, na akarudia mafi mpaka Adhel alipoondoka. Alipofika mwisho wa barabara alikaa juu ya tofali akalia kidogo, si kwa huzuni hasa, ni kwa kuchoka, kisha akafuta uso kwa kiganja akarudi kwenye nguzo.

Waliokuja walikuwa wachache. Mzee Ladu, Gatwech na Nyagai, Kizza aliyesema yeye si wa mtaa huu lakini nguzo ameipanda vya kutosha, wanawake wawili wa kanisani, na kinyozi mmoja aliyetetemeka tangu alipofika. Annet aliketi katikati. Hajati alitazama hesabu hiyo ndogo ya watu, akapuliza makaa, akatia ubani, akasema itabidi itoshe.

Jua likashuka nyuma ya mabati. Ndege waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza wote kwa pamoja, na moshi wa ubani uliokuwa unapanda ukaanza kurudi chini, ukitambaa kuelekea kwenye nguzo kama kitu kinachovutwa. Harufu ya mvua ikaja, safari hii nzito, harufu ya shimo la udongo lililojaa maji na kukaa muda mrefu.

"Ladu," mtu aliita.

Mzee Ladu alishtuka kama aliyechomwa. Sauti ilikuwa ya Nyagai, lakini mwito ulikuwa wa namna nyingine, mwito wa mke kwa mume mwishoni mwa siku, kama mkewe alivyomwita zamani. Alifungua mdomo.

"Tupo!" Hajati alipaza sauti, na wengine wakadakia, vibaya, kila mmoja kwa wakati wake. "Tupo! Hatukukukaribisha!"

Nguzo ikalia kwa ndani, mlio mdogo wa chuma kinachojipinda.

"Gatwech. Gatwech wangu, nimechoka kusimama huku."

Nyagai mwenyewe alikuwa kando yake, bubu, amemng'ang'ania mkono kwa mikono miwili na kutikisa kichwa, hapana, hapana, lakini Gatwech alikuwa anasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu jioni ile, na machozi yakamtoka, na ilibidi kinyozi yule yule mwenye kutetemeka amzibe mdomo kwa kiganja huku wote wakipiga kelele, "Tupo! Hatukukukaribisha!" na safari hii maneno yakatoka pamoja.

Kisha kukawa kimya, na giza likasogea.

"Adhel," alisema Annet.

Adhel alimtazama Annet aliyeketi mbele yake, midomo imefungwa, uso umelowa, na wakati huo huo akamsikia akisema kutoka ndani ya chuma, "Adhel, dada yangu, kuna maji huku, yananifika shingoni, wewe ndiye uliyeniambia nitoe jina, nami nikalitoa kwa sababu ni wewe, sasa niitikie mara moja tu, neno moja tu, nijue kwamba hujaniacha." Naye Adhel, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa ameibeba lawama hiyo kifuani bila mtu yeyote kumwambia, akaona kwamba amechoka mno kuibeba, kwamba kuitika kungekuwa kama kulala, kwamba hata asingehitaji kusema kwa nguvu, angefungua tu mdomo na kila kitu kingemtoka, sauti na uchovu na lawama pamoja, na asingeulizwa tena kitu na mtu yeyote, na tayari ulimi wake ulikuwa umeinuka, na tayari alikuwa amevuta pumzi, alipohisi mkono wa Annet ukimpiga kofi la shavu.

"Tupo!" walipiga kelele watu wa nguzo, lakini walikuwa wachache na sauti zao zilikuwa zimekwisha, na lile jini likaita tena, Adhel, Adhel, kwa nguvu zaidi, mpaka bati la saluni likatikisika, na Hajati mwenyewe akainama kama anayesukumwa na upepo.

Hapo ndipo mtu alipojibu kutoka nyuma ya ukuta.

"Tupo!"

Ilikuwa sauti ya mama yule aliyefunga lango lake polepole. Hakuwa ametoka, alikuwa amesimama ndani ya ua wake, gizani, anatetemeka bila shaka. Lakini alisema. Nyumba ya pili mwanamume akasema. Halafu mtaa mzima, nyuma ya mabati na mianzi na milango iliyokomewa, watu ambao hawakutaka kuja wala kuandikwa wakaanza kuitika, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kidinka, kwa Kinuer, kwa Kiganda, kila mtu na lugha aliyolelewa nayo, kwamba wapo, na kwamba huyu hawakumwita. Adhel aliwasikia, naye akaitika pamoja nao.

Nguzo ilitapika maji. Yalitoka kwenye kifuniko kidogo cha chini ambamo nyaya hupita, meusi, mengi kuliko yanayoweza kukaa mle, yakatiririka barabarani na kuzama mchangani kwa mlio wa kunyonya. Taa ikawaka. Ile ya kwa Nyagai ikawaka nayo, kule mbele. Annet alianguka kifudifudi akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na sauti, kibaya, cha kukwaruza, na hakuna aliyewahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Nyagai alikuwa anapiga vigelegele. Gatwech alikuwa ameketi kwenye matope, anacheka na kulia.

Mzee Ladu aliitazama taa hadi macho yakamwuma. "Haya," alisema. "Tukalale."

Walilala. Adhel alilala hadi jua likapanda juu ya mabati, na alipoamka watu walikuwa wamemtafuta tayari. Simu ya kazi ilikuwa imejaa, na wote walikuwa wakazi wa kweli, wenye haraka na malalamiko, wanaoripoti kila kitu, hata bomba, hata mbwa. Alipokea kila mmoja. Hakusema tena neno lile la zamani. Aliwauliza tu wako wangapi hapo walipo, na akasubiri asikie watu wengine nyuma yao ndipo aandike.

Annet hakusema sana siku za mwanzo. Sauti ilirudi nzito, kama ya mtu aliyetoka usingizini. Mchana mmoja alimkalisha Adhel kwenye kiti cha saluni amsuke, kwa kuwa, alisema, kichwa chake kinatia aibu. Alipofika nusu, vidole vikasimama.

"Dada Adhel. Kule nilikuwa, hatukuwa wawili tu."

"Wewe na Nyagai?"

"Mimi na Nyagai na wengine. Wengi. Walikuwa hapo zamani, kabla yetu. Giza iko, maji iko, hauoni mtu, unasikia tu yeye anapumua." Alianza kusuka tena, akaacha. "Mzee moja alikuwa karibu na mimi. Anasema yeye fundi wa baiskeli, kule mtaa ya Sherikat. Wakati nyinyi mlianza kuita, sisi wote tukasikia. Wote. Yeye aliniuliza, hao ni watu wa mtaa gani? Nikamwambia ni wa mtaa wangu. Akauliza, wa mtaa wangu watakuja lini?"

Adhel alitazama kioo. Aliona uso wake, na macho yaliyoingia ndani, na nywele zilizosukwa upande mmoja. Mgongo ulimuuma. Alikuwa amejiahidi likizo. Alikuwa amekwisha kuuliza habari za basi la Nakuru.

"Ulimjibu nini?"

"Mimi nilikuwa navutwa. Nilimwambia sijui."

Nje, Nyagai alikuwa anamwita mteja kwa sauti kubwa, na mteja akamwitikia.

"Maliza upande huu," Adhel alisema hatimaye. "Kisha unieleze Sherikat sehemu gani."